Saa Niliyoifuta

Nyumba tunayopanga hapa Voi ina vyumba viwili na madirisha mawili, lakini dirisha linalofunguka ni moja. Lile lingine lilipakwa rangi likiwa limefungwa, rangi ikakauka, na tangu hapo hakuna aliyeweza kulifungua. Dirisha zima liko upande wa kitanda cha mama. Ndivyo inavyopasa. Mimi na kompyuta yangu tuko upande wa ukuta, na ikifika saa nne asubuhi bati linaanza kulia juu ya kichwa changu kama sufuria iliyoinjikwa bila maji.

Mama tulimteremsha kutoka Wusi, kwetu milimani, baada ya kupooza upande wa kulia. Kule juu mvua ikinyesha barabara haipitiki, na daktari alitaka awe karibu na hospitali kwa ajili ya mazoezi. Tulikuwa wawili wa kuamua, mimi na dada yangu mkubwa, na shauri halikuchukua hata muda wa chai kupoa. Dada ana mume, ana watoto, ana hoteli yake kule Miasenyi kando ya barabara kuu, anapikia madereva wa trela. Mimi sina mume, na saiba, duka la intaneti nilimokuwa nikifanya kazi, ilikuwa imefungwa.

"Si wewe uko tu," dada akasema.

Nimeyaandika maneno hayo na nimeyatazama sana. Yaliniuma, lakini hayakuwa uongo. Nilikuwa niko tu. Na dada hajawahi kukosa Jumamosi hata moja. Huja na unga, mboga na sabuni, humwogesha mama kwa mikono yake, humchekesha, ndipo arudi Miasenyi mapema kwa sababu ya ndovu wanaovuka barabara jioni. Kwa hiyo nikisema niliachiwa mzigo peke yangu nitakuwa sisemi kweli. Niseme tu kwamba yeye huja na kwenda, na mimi sitoki.

Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda. Saa mbili, ukitoa muda wa kumgeuza na wa kumnywesha maji, ni safari ya sokoni na kurudi. Basi. Kwa mwaka mmoja na nusu sikufika mahali ambapo huwezi kurudi ndani ya saa mbili. Milima ya kwetu naiona nikianika nguo, siku isiyo na vumbi.

Kompyuta ilitoka kwenye ile saiba. Mwenyewe alipofunga alituambia tuchukue kilichobaki, na kilichobaki ilikuwa mashine ya mezani, kuukuu, yenye kumbukumbu ndogo. Mifumo ya kisasa ukiiweka, inawaka nusu halafu inazimia. Nikatafuta mpaka nikapata mfumo mdogo unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Hawauuzi wala hawaufichi. Ukitaka kuona ulivyoundwa unafungua, ukikuta kosa unarekebisha, unawatumia. Mfumo huo ukakubali kukaa kwenye mashine yangu.

Ndani ya mfumo ule, chini kabisa, kuna kitu kinaitwa maktaba ya C. C ni lugha ya kuandikia programu, ya zamani, isiyo na maneno mengi. Nieleze maktaba kwa namna ninavyoielewa mimi, maana shule niliiacha kidato cha pili na sijui wataalamu wangesemaje. Kwetu mgeni haingii jikoni. Akitaka maji anamwambia binti wa nyumba, binti anaingia, anatoka na maji. Programu ni mgeni. Ikitaka kuandika neno kwenye kioo, au kupata nafasi kwenye kumbukumbu, au kujua ni saa ngapi, haiendi yenyewe mpaka kwenye kiini cha mashine. Inaiomba maktaba, na maktaba ndiyo inayoingia na kutoka. Maktaba zinazojulikana ni kubwa sana. Yetu ilitakiwa iwe nyepesi ili itoshe kwenye mashine za watu kama mimi, na huo wepesi ndio ulikuwa dini ya mradi. Mtu aliyeleta kiraka, yaani badiliko dogo la programu, cha kupunguza mistari bila kuharibu kitu alisifiwa kuliko aliyeleta jambo jipya.

C nilijifunza kule saiba, kwa kijitabu cha nakala alichosahau mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi. Nikaanza kuwatumia wale watu viraka vidogo vidogo. Kiingereza changu ni cha kuokota, kwa hivyo barua zangu zilikuwa fupi, mistari miwili mitatu, na nadhani wao waliuchukulia ule ufupi kuwa ujuzi. Sikuwasahihisha. Mkuu wa mradi, mwanamume wa nchi ya baridi ambaye sijawahi kuuona uso wake, akanizoea. Wakati wa mvua za vuli mwaka jana akaniuliza kama naweza kuipunguza uzito sehemu ya saa na tarehe.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Maktaba ikiulizwa ni saa ngapi inajibu kwa kujaza visanduku tisa. Kuna cha sekunde, cha dakika, cha saa, cha siku, cha mwezi, cha mwaka, cha siku ya wiki, na kinachohesabu siku tangu mwaka uanze. Cha tisa kinasema kama nchi ile, kwa wakati huo, imesogeza saa zake mbele au haijasogeza. Kujaza vile vinane ni hesabu za kawaida. Cha tisa peke yake kilikula kurasa na kurasa: Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, Jumapili ya kwanza ya mwezi ule, kwenda na kurudi. Niliitazama sehemu ile siku tatu. Nikaiambia mashine yangu inionyeshe kisanduku cha tisa. Sifuri. Nikarudisha tarehe nyuma miezi sita. Sifuri. Miaka kumi nyuma, sifuri.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba watu wa Ulaya waliwahi kusogeza saa wakati wa vita ili waokoe mafuta. Vita viliisha. Nikaamini, kwa ule uhakika wa mtu asiyejua kwamba hajui, kuwa hilo ni jambo la kale lililosahaulika ndani ya programu kama msumari ukutani baada ya picha kuondolewa. Nani angekubali kusogeza saa mara mbili kila mwaka, nchi ikiwa na amani? Hapa jua la Januari linachomoza karibu saa kumi na mbili, na la Julai vile vile. Sikumwuliza mtu. Nikaufuta ule mlolongo wote, nikaandika mstari mmoja mahali pake: kisanduku cha tisa, sifuri.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonikaa rohoni. Kila sehemu ya maktaba ina majaribio yake, yaani programu ndogo zinazouliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Nilipofuta, majaribio mawili yalikataa. Nikayasoma juujuu, nikaona yanauliza habari za kisanduku cha tisa, nikasema kumbe haya yanalinda kaburi tupu. Nikayafuta na yenyewe. Yaliyobaki yakapita yote, na mimi nikafurahi.

Kiraka nilikituma kwa barua, maana wakati huo sikuwa na ufunguo. Ufunguo ni ruhusa ya kuingiza kazi yako moja kwa moja. Mkuu akakichanganya na usafi mwingine aliokuwa akiufanya, akaingiza yote kwa jina lake. Sehemu ya saa ikawa nusu ya ilivyokuwa. Akaliandikia kundi zima kwamba nina jicho la wepesi, na baada ya Krismasi nikapewa ufunguo.

Sijui kama nitaweza kueleza ufunguo ule ulikuwa nini kwangu. Kwa kila mtu anayenijua, mimi ni yule anayemuuguza mama yake. Kina mama wa kanisa wakija Jumapili hunishika mikono wakasema Mungu atanilipa, na naamini wana nia njema. Lakini kwenye lile kundi hakuna aliyejua kwamba nina mama. Nilikuwa jina na kazi. Wenye ufunguo ule tulikuwa wachache ulimwengu mzima, na mmoja wao alikuwa ameketi Voi chini ya bati. Nikiwa nafua mashuka nilikuwa nikilikumbuka hilo, basi nakamua kwa nguvu zaidi.

Toleo jipya la maktaba lilitoka mwanzo wa mwezi wa tatu. Kabla mwezi haujaisha barua ikaja.

Aliyeandika alikuwa mtunzaji wa shule ndogo huko kaskazini ya mbali. Alikuwa ameuweka mfumo wetu kwenye mashine ya zamani ili igonge kengele na kufungua mlango wa shule asubuhi. Jumapili saa zao zilisogezwa mbele. Jumatatu mashine ikabaki nyuma. Watoto walisimama nje kwenye mvua, mlango umefungwa, mpaka mtu akatoka kwake akaja kuufungua kwa mkono. Hakutukana. Aliuliza tu kama kuna mpangilio aliokosea yeye.

Siku hiyo hiyo wakafungua kumbukumbu za kazi kuona nani alibadilisha nini. Jina lililokuwepo ni la mkuu. Mwanamke mmoja wa kundi, mkali wa maneno ambaye sijawahi kumwona akimwonea mtu, akaandika kwamba kukosea ni kwetu sote, lakini mtu anayefuta jaribio kwa sababu limemkatalia hafai kushika ufunguo, awe nani. Mkuu akajibu mstari mmoja: aliyeingiza ni mimi, lawama ni yangu.

Hakunitaja. Wala hakuniandikia kando kuniuliza.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Kila nilipokwenda kumgeuza mama nilikuwa nimeamua kusema, na kila niliporudi kwenye kiti nilikuwa nimeamua kunyamaza. Sababu za kunyamaza hazikuwa za kijinga. Mkuu alipitisha kiraka bila kukisoma, na hilo ni lake. Yeye hawezi kunyang'anywa ufunguo, mradi aliuanzisha mwenyewe. Mimi nilikuwa na ufunguo kwa miezi mitatu tu. Nikisema, huenda ikaonekana nautupa wema wake. Yote hayo ni kweli hata sasa. Lakini yule mtunzaji wa shule alidhani kosa ni lake, na mkuu akasema ni lake, na aliyelijua vizuri alikuwa akikoroga uji.

Wiki hiyo kulikuwa na jambo jingine. Dada alikuwa amepata gari la jirani yake, lenye kiti kinacholala, la kutupandisha Wusi Jumamosi turudi Jumapili. Mama aone nyumba yake na migomba yake. Tungekwenda wote watatu. Nilikuwa nimeshafua sweta, mimi ninayeishi Voi, nikaianika na kuigusa gusa kama mtoto mwenye nguo ya sikukuu.

Alhamisi, saa tano hivi, nilikuwa nikimwogesha mama kitandani. Mdomo wake umevutwa upande mmoja na maneno hutoka polepole, lakini ulimi wenyewe haukupooza.

"Leo unanisugua kama sufuria," akasema. "Nani amekukosea?"

"Hakuna, mama. Nimeharibu kazi ya watu."

"Ile ya kuandika andika?"

"Hiyo."

Nikamweleza. Nikamwambia kuna nchi ambazo watu husogeza saa mbele, halafu baada ya miezi wanairudisha.

"Nani anawaambia?"

"Serikali."

"Serikali inasema sasa si saa moja, ni saa mbili?"

"Ndiyo."

"Na wanakubali?"

"Wanakubali."

"Na jogoo?"

"Jogoo hawaambiwi, mama."

Akacheka mpaka mate yakamtoka upande ule usioshika, nikampangusa. "Wazungu," akasema. "Kukaa bila kusumbua kitu hawawezi." Halafu akaniuliza, "Sasa wewe uliharibu nini?"

"Nilifuta ile hesabu ya kusogeza. Niliona haina kazi."

"Ulimwuliza mwenye kusogeza?"

"Hapana."

"Mm."

Nikamgeuza upande, nikaanza kumpaka mafuta mgongoni. Alikuwa akiongea huku ametazama ukuta. Akaniambia kwamba kule kwao alipokuwa msichana, mfereji wa maji ulipita kwenye mashamba ya watu wengi, kwa zamu, na mtu akilima ovyo jembe lake likatoboa ukingo, hakimbii kwenda kuita. Akikimbia maji yatabomoa zaidi. Anaingia yeye mwenyewe kwenye lile tundu, anasimama, anaziba kwa miguu yake mpaka watu wa chini waone maji yamepungua wapande kuja kuangalia.

"Na wakifika?"

"Wanakutukana. Kisha wanaleta majani ya migomba na udongo."

"Na wasipofika?"

"Unapata baridi."

Nikaendelea kumpaka mafuta. Nilikuwa nikifikiri kwamba wale wa mfereji walimjua tangu kuzaliwa, wangemtukana na jioni wangemwita kula kimanga, ule mseto wa kwetu wa kuponda. Hawa wa kwangu hawanijui. Wakinifungia hakuna jioni. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameanza kusinzia, na pengine ilikuwa afadhali, kwa sababu nilichotaka ni anipe ruhusa ya kukimbia.

Aliposinzia niliketi nikaandika. Niliandika kwamba kiraka kilikuwa changu chote. Kwamba majaribio mawili yalinikatalia nikayafuta kabla ya kutuma, na mkuu hakuambiwa. Kwamba katika nchi yangu saa haijawahi kusogezwa tangu nizaliwe na nilidhani kwingine pia wameacha. Hilo la mwisho nililifuta, nikalirudisha, nikalifuta tena, maana lilinuka kujitetea. Mwishowe nikaliacha, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa na bila hilo wasingeelewa kosa lilikaa wapi. Nikaongeza kwamba wakitaka ufunguo nitauelewa uamuzi wao. Nikatuma kwa bando la simu, nikaenda kuchota maji haraka kabla hayajakatika.

Jibu la kwanza lilikuwa la yule mkali. Alisema asante. Alisema jaribio moja nililofuta aliliandika yeye, miaka mingi nyuma, baada ya kukosa treni asubuhi ambayo saa zilibadilishwa. Kisha akaandika: ufunguo ubaki naye, aliyefuta ndiye arudishe, tena kwa nchi zote, si kwa nchi yake tu.

Mkuu naye akaandika baadaye. Alisema hakunitaja kwa sababu aliyepaswa kusoma ni yeye na hakusoma. Halafu akasema watu wanaokusanya mfumo mzima wanafunga toleo lao Jumatatu, na maktaba ikiwa bado mbovu itabidi waiache nje. Je, naweza kumaliza Jumapili?

Nikajibu naweza. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimebaki ndani, na mtu aliyebakizwa hajadiliani. Ndipo nilipoiona sweta kwenye kiti.

Ijumaa asubuhi nikampigia dada.

"Unasema huji?"

"Kuna kazi lazima iishe Jumapili."

"Kazi gani? Hiyo televisheni yako isiyo na picha?"

"Niliharibu mimi, dada. Lazima nitengeneze mimi. Na mashine siwezi kuibeba mpaka Wusi."

"Kwani hao watu wamekuoa?" Nyuma yake nilisikia breki za trela na mtu akiagiza chapati. "Wamekuja kwa mama kuleta mahari, mimi sikuitwa?"

"Dada."

"Hapana, niambie. Mwaka na nusu unanililia kwamba hutoki, hutoki. Leo nimekufungulia mlango, wewe umeshika bawaba. Sasa nani atamgeuza?"

"Wewe."

"Kila saa mbili?"

"Kila saa mbili. Na usiku."

"Mungu wangu," akasema, kwa sauti nyingine kabisa.

Lazima niandike kwamba nilifurahi kusikia sauti ile. Furaha hiyo haikuwa nzuri na haikudumu, lakini ilikuwepo.

Jumamosi walimbeba, dada upande wa kichwa na dereva upande wa miguu, na mimi katikati nikishika shuka. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Nikampa dada mafuta, taulo na mto wa kuweka kati ya magoti, nikamwonyesha tena jinsi ya kuweka mto, akasema, "Nimeona, nimeona." Mama alinitazama kwenye dirisha la gari. Nilidhani atasema neno la kunifariji.

"Utafunga mlango vizuri," akasema. Wakaondoka.

Sikuwahi kuwa peke yangu ndani ya nyumba ile. Hakukuwa na mtu wa kunizuia. Kituo cha magari kiko mwendo wa dakika kumi, na Wusi ni mbele tu ya mji wa Mwatate, unafika kabla ya chakula cha mchana. Nikaketi kwenye kiti changu cha ukutani. Saa nne bati likaanza kulia.

Ile hesabu niliyoifuta nilikuwa na nakala yake, lakini sikutaka kuirudisha kama ilivyokuwa bila kuielewa. Nikaisoma mstari kwa mstari. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona ukubwa wa jambo nililoliita kaburi tupu. Kuna nchi za kusini ambazo kipindi chao huanza mwisho wa mwaka na kuvuka hadi mwaka mwingine, kwa hiyo namba ya mwezi wa kuanza ni kubwa kuliko ya mwezi wa kumaliza. Kuna kisiwa kinachosogeza nusu saa tu. Kuna serikali zinazotangaza zikiwa zimebakiza siku chache. Mamilioni ya watu huamka asubuhi moja wakakosa saa, miezi baadaye wakaamka wamerudishiwa, na mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia hata kelele yake. Saa sita mchana nikasimama, nikatembea hadi kwenye kitanda cha mama, nikainama kabla ya kukumbuka. Saa nane nikasimama tena.

Jumapili baada ya ibada majaribio yote mapya yalikuwa yakipita isipokuwa moja. Lilikuwa la nchi moja ambayo hurudisha saa nyuma katika mwezi wa Ramadhani, ili watu wafuturu mapema, halafu huisogeza tena. Kanuni yetu ni ya mstari mmoja, inajua Jumapili ya ngapi ya mwezi wa ngapi. Haijui mwezi wa angani. Majirani zetu wa mbele ni Waislamu, nao kila mwaka nawaona wametoka nje jioni wanatazama juu. Nilijaribu kwa njia tatu. Likakataa. Nikafikiri kwamba ni jaribio nililoliandika mwenyewe, hakuna anayejua kwamba lipo, na nikilitoa kila kitu kitaonekana kimekamilika. Mkono ulikuwa tayari pale.

Nikaliacha likikataa. Juu yake nikaandika: hili halipiti, mimi sijui namna, na watu wa nchi hii msiwaambie maktaba inawafaa. Nikatuma saa tisa alasiri.

Walikuwa wakingoja. Yule mkali alisoma kila mstari, nilimwona akipita, akirekebisha hapa na pale. Kwenye lile linalokataa aliandika neno moja: sahihi. Kisha mkuu akaliandikia kundi kwamba maktaba imeingia kwenye toleo la mfumo, na kwamba kuanzia siku hiyo sehemu ya saa na tarehe ni yangu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeisoma yote. Kwenye mradi wetu mwenye sehemu haondoki mpaka apatikane wa kumpokea. Nililijua hilo. Nililisoma siku ya kwanza nilipojiunga, nikaona ni kanuni nzuri, na hata leo siwezi kusema ni mbaya.

Kabla sijainuka ilikuwa imefika barua nyingine, ya mtu nisiyemjua. Serikali yao ilikuwa ikijadili kuacha kusogeza saa. Huenda ikawa mwaka huu, huenda usiwe. Aliuliza kwa heshima nitakuwa tayari lini.

Gari lilirudi jua likiwa bado juu. Dada alishuka macho yakiwa mekundu, tukamwingiza mama, tukamlaza, halafu dada akaketi sakafuni akaegemea ukuta wangu, viatu miguuni.

"Saa mbili ni fupi hivi?" akasema. Hakuwa ananitania. Nikampa maji, akanywa yote. Akaniambia mara mbili alimgeuza amechelewa na mama akamwita mvivu mbele ya majirani. Nilitaka kucheka naye, tukacheka kidogo. Kisha akaniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, na akaniangalia kama mtu anayesubiri sentensi iliyobaki. Sikumwambia kwamba sehemu ya saa sasa ni yangu na siwezi kuiacha.

Alipoondoka mama alinieleza habari za nyumbani. Migomba miwili imeanguka. Kuna mtu anakata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa shamba letu bila kuomba, na anamjua. Baridi ilikuwa ya kutosha, alilala na blanketi mbili.

"Wote waliniuliza kwa nini hukuja," akasema. "Nikawaambia utakuja mwezi wa nane, shule zikifungwa."

"Mwezi wa nane sijui, mama. Kuna nchi moja, serikali yake bado—"

"Basi," akasema.

Alikuwa ametazama dirisha. Nje jirani alikuwa akiingiza kuku.

"Nigeuze," akasema.

Nikamgeuza.